Kolesteroli: Kabla Hujatupa Vidonge

Kila baada ya miezi michache ujumbe mmoja huzunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya Pwani. Husema kwamba vidonge vya kolesteroli ni biashara ya makampuni ya ng'ambo, na kwamba anayekunywa maji ya ndimu na kitunguu saumu kila alfajiri hana haja navyo. Mwisho wake huwa ule ule: mtumie umpendaye. Na kweli tunatumiana. Mitaani mwetu wako watu walioacha dawa kwa ujumbe kama huo, bila kumwambia daktari, na wengine hata mke nyumbani hajui.

Upande wa pili nao hauna afueni. Mtu hupimwa, huambiwa "mafuta yako juu", hupewa karatasi ya dawa na kuambiwa ni za maisha. Hakuulizwa anakula nini, anatembea kiasi gani, wala babake alifariki kwa ugonjwa gani. Foleni nje ni ndefu. Mtu wa namna hii akiitupa pakiti yake baada ya miezi miwili, mimi simshangai.

Mimi si tabibu, lakini jambo hili linasomeka kwa mtu yeyote mwenye subira. Kubadilisha maisha hushusha kolesteroli kweli, na kwa watu wengi ndipo pa kuanzia. Hata madaktari wenyewe wamefundishwa hivyo. Ila si kwa kila mtu. Na hata kwa yule linayemfaa, ni jambo la kupimwa kwa namba, si la kukisiwa kwa vile mtu anajihisi mwepesi.

Tuanze na kitu chenyewe. Kolesteroli, au lehemu kama wengine wanavyoiita, si sumu. Ini huitengeneza kila siku kwa sababu mwili unaihitaji. Inayoleta balaa ni ile inayosafirishwa na chembe ziitwazo LDL, ambazo zikizidi kwenye damu hujipenyeza kwenye kuta za mishipa, zikaganda humo mwaka baada ya mwaka. Hakuna maumivu wala homa. Mara nyingi dalili ya kwanza ni kifua kubana, au mdomo kwenda upande.

Hapa tuna kosa moja kubwa la kuelewa. Wengi hudhani kolesteroli ya damu inatoka moja kwa moja kwenye kolesteroli ya chakula, basi mgonjwa huacha mayai, kamba na pweza, kisha akaendelea na samli na tui zito kama kawaida. Kumbe kinachopandisha LDL zaidi ni mafuta yanayoganda: samli, siagi, mafuta ya nyama, mafuta magumu ya kupikia, na, tusikasirikiane, mafuta ya nazi. Karibu asilimia 90 ya mafuta ya nazi ni ya aina hiyo. Kamba wa kuchemsha na ndimu hana hatia hata nusu ya mahamri ya kukaangwa.

Najua jawabu litakalokuja: wazee wetu walikula nazi maisha yao yote na hawakujua ugonjwa wa moyo. Hoja hii haifai kudharauliwa, maana ina ukweli ndani yake. Mwaka 1981 watafiti walichapisha matokeo ya uchunguzi wao katika visiwa viwili vya Pasifiki, Tokelau na Pukapuka, ambako nazi ndiyo maisha. Watu wa Tokelau walipata asilimia 63 ya nguvu zao za chakula kwenye nazi, wa Pukapuka asilimia 34. Magonjwa ya moyo na mishipa yalikuwa nadra kote kuwili. Lakini kolesteroli ya wale wa Tokelau, waliokula nazi zaidi, ilikuwa juu kuliko ya wenzao. Maana yake nazi ilifanya kazi yake ya kupandisha, ila maisha yaliyoizunguka yalikuwa ya kuvua, kupiga makasia, samaki kila siku na sukari kidogo mno.

Sasa tujitazame. Tui ni lile lile, lakini siku imebadilika. Asubuhi ni mahamri na chai ya maziwa yenye sukari vijiko vitatu. Saa nne ni viazi karai au bhajia. Mchana wali wa nazi na mchuzi wa nazi juu yake. Jioni chipsi na soda, na safari ya kutoka nyumbani hadi dukani inafanywa kwa bodaboda. Hata Lamu, mji uliojulikana kwa watu kutembea kwa miguu na punda, pikipiki zimejaa. Chungu cha wazee tumekirithi, makasia tumeyaacha ufuoni.

Je, chakula peke yake kinaweza kushusha kiasi gani? Jawabu zuri ninalolijua linatoka Toronto, Canada, kwa mtafiti aitwaye David Jenkins. Mwaka 2003 yeye na wenzake walichapisha jaribio la mwezi mmoja. Kundi moja lilikula chakula maalumu: shayiri na oti, soya, lozi, siagi ya mimea, pamoja na bamia na biringani. Kundi jingine lilikula chakula chenye mafuta machache na kumeza kidonge cha statini. LDL ya waliomeza kidonge ilishuka kwa takriban asilimia 31. Ya waliokula kile chakula ilishuka kwa asilimia 29. Bamia, jamani, tunayomlazimisha mtoto aimalize sahanini.

Wauzaji wa tiba za mitandaoni wangekoma hapo. Lakini Jenkins aliendelea, na mwaka 2011 akatoa matokeo ya watu waliopewa ushauri tu, wakajinunulia na kujipikia nyumbani kwa miezi 6. Safari hii LDL ilishuka kwa asilimia 13 hivi. Hiyo ndiyo namba ya mtu mwenye kazi, watoto, na harusi mbili kwa mwezi. Mwenye LDL ya milimoli 4.2 kwa lita atafika kama 3.65, akiwa hana sukari wala presha, wala havuti sigara, huenda daktari wake akaridhika. Mwenye milimoli 6 atafika 5.2, na 5.2 bado ni hatari. Juhudi ni ile ile, chakula ni kile kile, lakini mmoja amevuka na mwingine bado.

Kwa anayetaka kujaribu, jiko la Pwani lina vifaa vyote. Mbaazi, kunde, pojo na maharagwe vina ule utelezi na makapi yanayobeba kolesteroli kuitoa tumboni. Tatizo ni kwamba mbaazi zetu tunazizamisha kwenye tui la kwanza, kisha tunazisindikiza na mahamri. Pika kwa tui jepesi, au siku moja nazi, siku tatu bila nazi. Samaki achomwe au apikwe mchuzi wa nyanya na ukwaju. Korosho na njugu, kiganja kimoja, zisizokaangwa. Mafuta ya kukaangia yasirudiwe mpaka yakawa meusi. Wanaouza viazi barabarani wananisikia. Kahawa nayo: ile yetu chungu, inayochemshwa kwenye buli bila kuchujwa, hubaki na mafuta ya kahawa yanayopandisha LDL, jambo lililothibitika kule nchi za kaskazini ya Ulaya walikozoea kahawa ya kuchemsha. Vikombe viwili vidogo barazani havina neno. Kumi kwa siku ni habari nyingine.

Kutembea kunafaa moyo, presha, sukari na uzito, na Shirika la Afya Duniani linataka angalau dakika 150 kwa wiki. Lakini kutembea peke yake hakuishushi LDL sana. Nalisema hili kwa sababu wapo wanaozunguka Mama Ngina kila jioni kisha wakamalizia kwa sahani ya mihogo ya kukaanga pale pale, wakiamini hesabu imesawazika.

Sasa wale ambao vidonge si hiari kwao. Aliyewahi kushikwa na moyo, aliyepata kiharusi kutokana na kuziba kwa mshipa, aliyewekewa kifaa cha kuzibua mishipa. Mwenye kisukari aliyepita miaka 40, mara nyingi. Hawa hawana nafasi ya kusubiri bamia. Kwa jumla ya majaribio makubwa yaliyofanywa, kila milimoli 1 ya LDL inayoshushwa kwa statini hupunguza mashambulizi ya moyo na viharusi kwa takriban moja ya tano. Chakula kizuri kwao ni cha kuongezea juu ya dawa.

Kuna na kundi la tatu ambalo kwetu linahitaji kutajwa kwa heshima lakini bila kuficha. Kolesteroli ya kurithi humpata takriban mtu 1 kati ya 300 duniani. Mtu huyu anaweza kuwa mwembamba, anaswali, anatembea, hali mafuta, na LDL yake bado ikapita milimoli 5. Mtoto akirithi kwa wazazi wote wawili, ugonjwa wa moyo unaweza kumfika akiwa bado kijana mdogo. Kwa jamii kama yetu, ambapo kuozana na mtoto wa ami au wa khalati ni jambo la kawaida, uwezekano huo unakuwa mkubwa zaidi. Kwa hiyo ukisikia katika ukoo kwamba baba alianguka akiwa na miaka 45 na ndugu yake akiwa na 50, usitosheke kusema ni ajali zao na Mungu amewapenda. Wapimwe waliobaki, na watoto wao pia.

Na hivi vidonge vyenyewe vinavyoogopwa vina asili ambayo ingewashangaza wanaohubiri tiba asilia. Statini ya kwanza iligunduliwa na Mjapani Akira Endo miaka ya mapema ya 1970, baada ya kuchunguza aina zipatazo 6,000 za kuvu na vijidudu. Aliyempa jawabu alikuwa ukungu kutoka kwenye mchele wa duka moja mjini Kyoto. Asili zaidi ya hapo utaitafuta wapi?

Madhara yapo. Misuli huuma kwa baadhi ya watu, na sukari ya damu hupanda kidogo kwa wengine. Lakini hofu nayo ina maumivu yake. Mwaka 2020 watafiti wa Imperial College London waliwachukua watu 60 walioacha statini kwa sababu ya madhara, wakawapa kwa zamu miezi ya statini, miezi ya kidonge kisicho na dawa ndani, na miezi bila chochote. Asilimia 90 ya usumbufu waliousikia kwa statini waliusikia pia kwa kile kidonge kitupu. Nusu yao hatimaye walirudi kwenye dawa. Jambo jingine, la kwetu hasa: anayetumia simvastatini au atovastatini asinywe maji ya balungi kwa wingi, maana huifanya dawa ijae mwilini kupita kiasi. Na mwezi wa Ramadhani hakuna sababu ya kuacha. Kidonge ni kimoja kwa siku, kinamezwa baada ya futari. Kinachopaswa kutazamwa Ramadhani ni sinia la sambusa, kachori na kaimati, ilhali Mtume (S.A.W.) alituusia theluthi ya tumbo tu iwe ya chakula.

Lakini nisimtwike mgonjwa mzigo wote. Tangu Oktoba 2024 tumo katika bima ya SHA, mwenye mshahara akikatwa asilimia 2.75 na asiye na mshahara akitozwa si chini ya shilingi 300 kwa mwezi. Sheria iliahidi huduma za msingi bila malipo kwenye zahanati na vituo vya afya. Zahanati nyingi, hata hivyo, hazina mashine ya kupima mafuta ya damu, na bila kipimo cha kwanza na cha pili baada ya miezi mitatu, mashauri yote niliyoyaandika hapa ni maneno ya barazani. Mtu wa Kipini au Vanga atapanda gari hadi mjini, alipe maabara ya binafsi, au aamini ule ujumbe wa ndimu.

Jimbo la North Karelia nchini Finland lilikuwa na vifo vya moyo vya kutisha miongoni mwa wanaume. Mwaka 1972 likaanza mradi wake chini ya daktari kijana, Pekka Puska. Hawakuishia kumhimiza mtu mmoja mmoja ajizuie na siagi. Walikwenda kwa vyama vya akina mama vinavyofundisha mapishi, kwa viwanda vya maziwa, kwa waliotengeneza soseji, wakabadilisha kilichokuwa kinauzwa. Kwa miongo iliyofuata vifo vya moyo vya wanaume wa umri wa kufanya kazi vilipungua kwa zaidi ya asilimia 80.

Wapishi wetu wa harusi wanajulikana kwa majina, na mafuta wanayotumia kwa pishi moja la biriani yanajulikana kwa madumu. Mikutano ya umma ya bajeti ya kaunti nayo huja kila mwaka, na tumezoea kuuliza barabara na maji. Safari hii mtu asimame aulize mashine ya kupima mafuta ya damu itafika lini kwenye kituo chake cha afya, na vipimo vyake vitakuwa vya bei gani.