Paka Wao, Simba Wetu

Wajapani wamemtukuza hata paka wa kuchorwa. Huko Kawasaki, tangu mwaka 2011, yako makumbusho ya michoro ya Fujiko F. Fujio, aliyembuni Doraemon, paka wa mashine. Na sisi je, ndugu msomaji? Simba naye si paka, ila mkubwa? Niko Ronge, milimani Taita. Nyika ya Tsavo haiko mbali. Huko simba wawili waliwala wajenzi wa reli hadi walipouawa Desemba 1898. Patterson, aliyewaua, alizifanya ngozi zao mazulia, kisha akaziuza. Leo simba hao wamesimamishwa Field Museum, Chicago. Mtoto wa Kitaita atawaona wapi? Nasema: tudai warejeshwe. Na tangu leo, wachoraji wetu, kisa hiki kichoreni kwa Kiswahili. Mwenye mji hasimuliwi mji wake na mgeni.