Mwalimu Alipwe Kwanza, Programu Baadaye



Kila ifikapo Julai 7 sisi Waswahili wa Stockholm tunavaa kanga, tunakula pilau, tunapiga picha. Tunakumbushana kwamba UNESCO iliitenga siku hiyo mwaka 2021, na kwamba Umoja wa Afrika ulikipokea Kiswahili kuwa lugha ya kazi mwaka 2022. Makofi! Pembeni watoto wetu wanacheza na kugombana kwa Kiswidi kitupu. Bibi akipiga simu kutoka Tanga au Mombasa, mtoto anasema "shikamoo" halafu anamrudishia mama simu, maana maneno yamekwisha. Hiyo ndiyo sherehe yetu?

Wakati huohuo nyumbani kuna walimu waliosoma, wana vyeti, hawana kazi. Tanzania, mwaka 2025, walimu wasio na ajira walisikika hadharani kupitia umoja wao, NETO. Huku wanafunzi bila mwalimu, kule walimu bila wanafunzi. Ndipo wanapotokea wataalamu wetu na michoro yao: tujenge jukwaa kubwa la intaneti litakaloshika dunia nzima, tutafute wafadhili, tuunde kamati, tuajiri watengeneza programu. Mimi nasema waziwazi: huo ni ubabaishaji. Tatizo letu si programu. Tangu 2020 hata bibi zetu wanajua simu ya video. Tatizo letu ni kwamba hatutaki KUMLIPA mwalimu.

Tazameni majukwaa yaliyopo. Preply ilianza 2012, na utaratibu wake unajulikana: malipo yote ya somo la kwanza la majaribio yanabaki kwa kampuni, kisha inakata asilimia 33, ambayo hupungua hadi 18 kadiri mwalimu anavyofundisha saa nyingi. Halafu kuna ukuta wa pili. Kwa miaka mingi PayPal ilimruhusu Mtanzania kulipa lakini si kupokea, ilhali Mkenya tangu 2018 aliweza kuhamishia fedha zake M-Pesa. Kwa hiyo mwalimu wa Pemba aliweza kufundisha mpaka sauti ikauke, na ujira wake usimfikie. Jukwaa lisiloanza na suala la malipo ni kijiwe tu.

Wapo watakaosema serikali ya Sweden ndiyo yenye wajibu. Ni kweli, tangu mageuzi ya 1977 shule za hapa zinafundisha watoto wa wahamiaji lugha za nyumbani kwao. Lakini someni masharti: angalau mzazi mmoja aitumie lugha hiyo na mtoto kila siku, mtoto awe tayari na msingi wake, na manispaa ipate wanafunzi wasiopungua 5 pamoja na mwalimu anayefaa. Tangu 2015 sheria inakubali hata mwalimu afundishe akiwa mbali. Sasa nani atampa mtoto huo msingi? Mtoto aliyekwisha poteza lugha anapoteza na haki yenyewe!

Hoja yangu ni hii. Familia 5 za Rinkeby, Husby au Skärholmen, kila moja itoe krona 100 kwa wiki. Ni krona 2,000 kwa mwezi, karibu nusu milioni ya shilingi za Tanzania. Mwalimu mmoja, masomo mawili kwa wiki, saa 11 jioni ya huku; Dar ni saa 12 jioni wakati wa kiangazi, saa 1 usiku wakati wa baridi. Fedha zitumwe kwenye simu yake mwanzoni mwa mwezi, zote, bila habari za "somo la kwanza bure". Anayetaka kumjaribu mwalimu alipie jaribio lake. Vyeti vikaguliwe na walimu wenzake, si kwa nyota za wapita njia. Kundi la kwanza likidumu mwaka mzima, lianzishwe la pili, kisha Oslo, Muscat, Toronto. Hapo ndipo tuite fundi wa programu, aje kuhudumia madarasa yaliyo hai.

Najua mtauliza: Kiswahili kipi? Kimvita, Kiunguja au cha Bukavu? Mtoto wa Mkongo afundishwe na Mkongo mwenye ujuzi, na cha vitabuni akisome pia. Kubishania lahaja wakati mtoto hana hata moja ni kugombea fito ilhali nyumba yenyewe hatujaanza kuijenga.

Wenyeji wetu walilijua hili zamani. Hans Hermod wa Malmö alipoanza kufundisha kwa barua mwaka 1898 hakuwa na mtambo wowote wa ajabu. Alikuwa na bahasha, stempu, na wanafunzi waliolipa.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Cha mvunguni ni lugha ya watoto wetu. Kuinama kwenyewe ni krona 100. Familia ya kwanza ni ipi?

Naomba kuwasilisha.