Kamera ya "4K, Fremu 60": Ipime Kabla Hujatuma Pesa

Kuna ombi moja ambalo hutuumiza kulikataa: "Nirudishieni pesa, kamera niliyouziwa si ile niliyoambiwa." Kurejesha muamala ni kwa aliyekosea namba. Ukimlipa muuzaji uliyetaka kumlipa, na kiasi mlichopatana, kwetu malipo hayo ni sahihi, hata kama boksi lilikuwa na uongo.

Chukua mfano wa wakala pale Section 58. Ananunua kamera ya dukani iliyoandikwa "4K, 60fps" kwa bei ya kutupa. Siku mtu anapompokonya simu ya kazi na kuruka kwa boda, anafungua rekodi na kukuta uso ni ukungu mtupu na namba ya pikipiki haisomeki. Kamera ilikuwa inafanya kazi, ila kile kihisi cha ndani, kijidude kinachogeuza mwanga kuwa picha, hakikuwa kile kilichotajwa kwa boksi.

Hesabu yenyewe si ngumu. Picha ya 4K ni nukta 3840 kwa 2160, yaani zaidi ya milioni 8. Picha ya 1080p ni 1920 kwa 1080, kama milioni 2 hivi. Kwa hivyo kihisi cha megapikseli 2 hakiwezi kutoa 4K halisi. Kinachofanyika ni programu kuvuta picha ndogo iwe kubwa, kama vile kuongeza maji kwa uji: sufuria inajaa lakini unga ni ule ule. Ukiona jina la kihisi, liangalie. Sony IMX307 ni ya megapikseli 2, IMX335 ni ya 5, na IMX415 ndiyo ya 8. Muuzaji akikwambia IMX335 inatoa 4K halisi, hesabu inakataa. Lakini pia stika hubandikwa na mtu, kwa hivyo usiishie hapo.

Fremu nazo huongezwa hivyo hivyo. Kamera inapiga picha 30 kwa sekunde, kisha inarudia kila moja mara mbili na faili inaandikwa 60. Ukifungua maelezo ya faili utasoma 60, na bado umedanganywa.

Jaribu hivi ukiwa hapo dukani. Rekodi kitu kinachosonga haraka, kama gurudumu la baiskeli iliyopinduliwa, sekunde kumi tu, mchana kweupe. Fungua video kwa kompyuta ukitumia VLC, isimamishe, kisha bonyeza herufi E uende fremu moja moja. Kama kila fremu ya pili inafanana kabisa na iliyotangulia, ile 60 ni 30 iliyovalishwa koti. Halafu rekodi ukurasa wa gazeti kutoka mahali pamoja, kwanza kwa 1080p, kisha kwa 4K. Kama 4K haikuonyeshi herufi hata moja zaidi, hiyo 4K haina faida kwako. Mwisho, zima taa ujaribu tena, kwa sababu kamera nyingi hupunguza fremu gizani ili zikusanye mwanga. Na kwa mipangilio weka hezi 50, maana stima yetu Kenya ni ya hezi 50. La sivyo taa zitaonekana zikicheza.

Je, hizi fremu ni muhimu hivyo? Boda inayoenda kilomita 40 kwa saa hukata kama mita 11 kila sekunde. Kwa fremu 15, inasonga sentimita 74 kati ya picha moja na nyingine. Kwa fremu 30, ni 37. Kwa duka, sisi tunaona 60 si lazima. Afadhali kamera ya megapikseli 2 inayosema ukweli, yenye fremu 25 au 30 na inayoona usiku, kuliko 4K ya kubandikwa inayojaza memori kadi bure.

Tunajua wauzaji wengine watasema wao pia wameletewa boksi likiwa limeshaandikwa hivyo. Inawezekana. Lakini anayepokea pesa ndiye anayefaa kupima kwanza, si mama mwenye kibanda aliyeweka akiba miezi mitatu.

Kwa hivyo ombi letu ni hili. Pima kwanza, lipa baadaye. Lipa kwa tili ya duka, si kwa namba ya mtu binafsi. Na usitegemee ujumbe wetu peke yake: unaonyesha ulimlipa nani na ngapi, hauonyeshi uliahidiwa nini. Mwambie aandike kwa risiti: "4K halisi, fremu 30." Akikataa kuandika, amekujibu tayari.

Risiti hiyo ina nguvu. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinakupa haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa na ya kupewa habari unazohitaji. Kuna pia Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012, na Mahakama ya Madai Madogo husikiza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000. Muamala sisi hatutaweza kuugeuza, lakini ukiwa na risiti hiyo pamoja na ujumbe wa malipo, utakuwa na la kuonyesha.