Kabla ya kuita kijiko, hesabu ndege kwanza

Wiki iliyopita kijana mmoja wa huku bondeni Kilombero alinipigia simu akiwa amekasirika kweli. "Afisa, naambiwa nimlipe mtu aje ahesabu ndege shambani kwangu. Ndege! Hao hao ninaolipa watu wawaamie kutwa nzima?" Nilicheka, halafu nikanyamaza. Swali hilo niliwahi kulijibu vibaya miaka ya nyuma, na wenzenu walipoteza hela.

Walikuwa vijana tisa, wanataka skimu ndogo ya mpunga kando ya mto: banio, mfereji mkuu, majaruba yaliyosawazishwa. Benki ikasema sawa, lakini leteni cheti cha mazingira. Kwa hiyo wakatafuta mtaalamu elekezi wa kuwafanyia TAM, ile Tathmini ya Athari kwa Mazingira. Walipata wawili. Mmoja alitaka kuja mara mbili, kiangazi na masika. Wa pili alisema siku mbili za Agosti zinatosha, na bei yake ilikuwa chini ya nusu. Mimi ndiye niliyewaambia wachukue wa pili. Nilisema, kwa mdomo wangu, "ndege ni ndege tu."

Jamaa alikuja Agosti, akaingia shambani saa tano asubuhi jua likiwa limeshachoma. Bonde limekauka, matete yamechomwa moto. Ripoti ikatoka safi, ina picha. Kumbe orodha ya ndege ilinakiliwa kutoka ripoti ya sehemu nyingine kabisa, na ndani yake kulikuwa na heroe, wale flamingo wa maziwa ya magadi. Heroe kwenye mpunga wa Kilombero! Waliopitia ripoti waliiona mara moja, wakairudisha: rudieni, na safari hii mje wakati wa mafuriko. Kufika masika ofa ya mkopo ilikuwa imekwisha muda, na malipo ya awali ya pampu hayakurudi. Watatu kati ya wale tisa waliacha kilimo. Mmoja hanisalimii mpaka leo, na simlaumu.

Sasa nirudi kwenye swali la yule kijana. Kwa nini ndege, na kwa nini hapa?

Bonde la mafuriko la Kilombero liliingizwa kwenye orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa mwaka 2002. Na lina mnana wake, mnana wa Kilombero, aliyeelezwa kisayansi mwaka 1990 tu. Anaishi kwenye matete ya kingo za mito ya bonde hili, na nje ya Tanzania hajulikani. Ukifyeka matete ya ukingoni ili kunyoosha mfereji, unafyeka nyumba yake. Halafu kuna jambo ambalo wengi hawaunganishi: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Matete ya mnana yako humo humo. Anayehesabu ndege vizuri anakuonyesha mapema ni wapi usipeleke kijiko, kabla hujalipia mafuta ya kijiko.

Si kila shamba linahitaji haya. Nyanya za ekari mbili mlimani hazina kesi hiyo. Ila ukichepusha mto au ukigusa ardhioevu, anza kwa afisa mazingira wa wilaya, umuulize mradi wako uko kundi gani.

Kazi yenyewe, ikifanywa sawasawa, inaanza alfajiri, kwa sababu saa mbili tatu za kwanza baada ya jua kuchomoza ndipo ndege wanaimba na kuonekana. Mtaalamu anatembea kwenye mstari uliopimwa, au anasimama kwenye vituo kwa dakika zile zile kila kituo, anaandika aliyeonekana, aliyesikika, idadi na umbali. Anarudia siku nyingine. Na lazima aje kwa misimu tofauti. Wageni kutoka Ulaya na Asia, kama mbayuwayu na korongo weupe, wanaingia kuanzia Septemba na Oktoba na kuondoka Machi na Aprili. Ukihesabu Julai, hao hawapo. Uingereza wajenzi wa nyumba wanalijua hili vizuri: hesabu ya ndege wanaotaga hufanyika majira yao ya kuchipua na mwanzo wa kiangazi, na aliyechelewa anasubiri mwaka unaofuata.

Kama unadhani msimu ni maneno ya wasomi, tazama Dakatcha, ule msitu wa nyuma ya Malindi, Kenya. Kulikuwa na mpango wa kulima mbono wa mafuta kwenye maelfu ya hekta pale, na mamlaka ya mazingira ya Kenya ikaukataa. Kuna mnana anaishi huko, mnana wa Clarke, na kwa miaka mingi hakuna mtafiti aliyejua anataga wapi. Viota vyake vilikuja kuonekana mwaka 2013, kwenye kidimbwi cha msimu chenye majani, mvua ziliponyesha. Kiangazi ukipita pale unaona uwanja mkavu tu. Ungeandika "hakuna kitu" na ungekuwa umesema ukweli wa siku ile.

Na kwelea kwelea je? Hapa ndipo mfanyabiashara aamke. Kwelea mmoja anakula kama gramu 10 za nafaka kwa siku. Kundi la milioni moja ni tani 10 kwa siku, na makundi ya milioni si hadithi. Hesabu nzuri inakuambia kama karibu na shamba lako kuna malalo yao, wanakuja mwezi gani, wanatokea upande gani. Hiyo ni namba ya kuweka kwenye mpango wa biashara: gharama za kuamia, tarehe ya kupanda ili mpunga wako usiive peke yake bonde zima. Dawa inayopulizwa kwenye malalo, fenthioni, inaua pia mwewe na bundi ambao wangekusaidia dhidi ya panya. Mimi ningependa kujua kabla ya kupanda, si siku ndege ya kupulizia inapopita juu ya kichwa.

Lakini yule kijana ana haki kwenye jambo moja, na hapa nasema kama mimi, si kama ofisi. Gharama haziko sawa. Kampuni ya hekta elfu tano haisikii bei ya mtaalamu, kikundi cha hekta hamsini kinaisikia mpaka mfupani. Tena vikundi vitatu jirani vinalipa watu watatu kutembea matete yale yale. Kwa nini hesabu ya bonde isifanywe mara moja kwa misimu yote, kwa hela ya umma au ya mradi, kila mwombaji akaongeza ya eneo lake tu? Nimelisema kwenye vikao na nitalirudia. Mpaka hapo, unganeni majirani mlipe mtaalamu mmoja. Na kabla ya kumlipa muulize atakuja miezi gani, saa ngapi asubuhi, na muombe daftari lake la shambani, si ripoti peke yake.

Yule kijana tumekubaliana asisaini chochote kabla ya mtaalamu kuja mara ya kwanza Oktoba na ya pili Machi. Mkopo anaomba baada ya hapo. Ameniuliza kama nitamchangia gharama. Nimemwambia hapana, ila Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi nitakuwa naye mtoni. Darubini ninayo moja. Mwenye ya pili aje nayo.