Hati safi, jengo haramu: Mnunuzi wa nyumba anapobeba kosa la muuzaji

Na Mwandishi Wetu

KUNUNUA nyumba iliyokwisha kujengwa huonekana na wakazi wengi wa Dar es Salaam kuwa njia ya kuepuka adha za mafundi, saruji na vibali. Hata hivyo, wapo wanaogundua baada ya kulipa kwamba fremu za maduka mbele ya nyumba, banda la uani au ghorofa iliyoongezwa havikuwahi kuidhinishwa na halmashauri. Wakati huo muuzaji amekwisha kuondoka na fedha zake, na notisi ya kubomoa inamkuta mmiliki mpya.

Kiini cha tatizo hili ni imani kwamba hati inathibitisha kila kitu. Hati hueleza nani anamiliki kiwanja, ukubwa wake na matumizi yaliyoruhusiwa. Haisemi iwapo jengo lililosimama juu yake lilipata kibali cha ujenzi, ambacho hutolewa na halmashauri. Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 inakataza kuendeleza ardhi katika eneo la mipango bila idhini ya mamlaka ya upangaji. Kwa hiyo mtu anaweza kufanya upekuzi kwa Msajili wa Hati, akakuta hakuna rehani wala zuio, na bado akawa amenunua jengo haramu.

Wengine hufarijika kwa kuona mita ya umeme na stakabadhi za kodi. Faraja hiyo haina msingi. Tangu mwaka 2021 kodi ya majengo imekuwa ikikatwa kupitia ununuzi wa umeme wa LUKU, na mita haiulizi kama chumba kinachowashwa taa kina kibali.

Mwaka 2017 jiji lilipata somo chungu linalofanana na hili. Katika Barabara ya Morogoro, kati ya Kimara na Kiluvya, nyumba zilizokuwa ndani ya hifadhi ya barabara ya mita 121.5 kila upande zilibomolewa. Pale hoja ilikuwa ardhi yenyewe, si kibali cha jengo, lakini kanuni ni ileile: alama ya X huwekwa kwenye ukuta bila kuuliza kama mwenye nyumba aliujenga au aliununua.

Je, mnunuzi hawezi kumshitaki muuzaji? Anaweza, lakini njia si nyepesi. Sheria ya Mikataba inamruhusu aliyedanganywa kuutengua mkataba. Hata hivyo, pale ambapo muuzaji alinyamaza tu, sheria hiyo humnyima nafuu mtu ambaye angeweza kuugundua ukweli kwa uangalifu wa kawaida. Kwenda halmashauri kuuliza kibali ni uangalifu wa aina hiyo hasa.

Pamoja na hayo, si haki lawama zote kumwangukia mnunuzi. Katika uhamisho wa umiliki, tathmini ya mali huzingatia ardhi pamoja na majengo yaliyomo, kisha muuzaji hulipa kodi ya ongezeko la mtaji na ushuru wa stempu nao hukusanywa. Kwa maneno mengine, ukuta ambao halmashauri inaweza kuuita haramu kesho huhesabiwa leo kuwa mali yenye thamani. Serikali inayoliona jengo inapokusanya haiwezi kudai haikuliona inapobomoa.

Dawa yake haihitaji fedha nyingi. Wizara yenye dhamana ya ardhi na halmashauri zingeweza kukubaliana kwamba uhamisho wa nyumba mjini usikamilike bila nakala ya kibali cha ujenzi na michoro iliyopitishwa. Kasoro ingejulikana muuzaji akiwa bado mezani, naye angelazimika kuirekebisha au kupunguza bei.

Hadi hilo lifanyike, mnunuzi hana budi kujilinda. Adai kibali na michoro, ailinganishe na nyumba chumba kwa chumba, amwite mpimaji athibitishe mawe ya mipaka, na aweke katika mkataba kifungu kinachombana muuzaji kurudisha gharama endapo sehemu yoyote itaamriwa kubomolewa. Muuzaji anayekataa kifungu hicho atakuwa amekwisha kujibu swali lililobaki.