Taa Zimepona

ZOGO LA JUMAMOSI
Na Mzee Zogo, Nsemulwa

Jumanne nilikuwa kwa fundi kompyuta wa hapa mtaani, nimepeleka flashi ikatolewe virusi. Virusi hivyo huletwa na shemeji yangu kila anapoiazima. Ndiyo, shemeji yuleyule aliyeazima toroli langu. Na hapana, hajalirudisha, kwa hiyo wasomaji wa Makanyagio mnaonipigia kuuliza acheni kumaliza vocha zenu.

Nikiwa pale akaingia kijana wa jirani yangu na boksi kubwa begani, nyuma yake wadogo zake wawili na maboksi madogo madogo. "Shikamoo babu." Nikamwitikia kwa moyo mweupe, maana huyu ni mtoto ninayemheshimu. Amelima mahindi misimu miwili, akauza, hakukimbilia pikipiki wala suti. Anataka kufungua kibanda cha gemu. Kapiga hesabu kwamba kompyuta moja nzuri itachezesha vijana mpira wa EA Sports FC jioni, na mchana itachapa barua na kujaza fomu za ajira. Hesabu haina kasoro. Kasoro ilikuwa ndani ya maboksi.

Akaanza kuvipanga vipuri mezani. Kasha la kioo. Feni nne, zote za taa. Prosesa ya Core i7, tayari imeshaketi kwenye madhabodi. Memori GB 16. SSD ya GB 120. Kadi ya picha iliyoandikwa GTX 1050 Ti, GB 4. Na pawasaplai yenye stika ya wati 750. Vyote kavinunua kwa kutazama picha za WhatsApp, kwa muuzaji mmoja wa Kariakoo ambaye simtaji kwa sababu mhariri wangu ana familia.

Fundi akaokota pawasaplai, akaipima mkononi, akanitazama. Ilikuwa nyepesi kama kopo la kahawa lililokwisha kahawa.

"Dogo, hii umeilipia shilingi ngapi?"

"Hiyo ni bonasi, fundi. Nilivyochukua kasha la taa, jamaa akaniongezea na hiyo bure."

Bonasi! Kitu kinacholisha umeme kila kipande ndani ya sanduku kimekuja kama nyongeza, na kasha, ambalo kazi yake ni kukaa tu, ndilo lililolipiwa. Niseme mapema, msije mkadhani natafuta suluhu: anayenunua kompyuta ya gemu kwa kutazama taa kajitafutia giza mwenyewe, na anayemuuzia apelekwe mahakamani. Sina maoni ya katikati.

Basi wakaunga. Sikuondoka, ingawa flashi yangu ilikuwa imeshapona. Walipobonyeza kitufe, feni nne zikawaka nyekundu, kijani, bluu, zambarau, zikibadilishana. Watu waliokuwa wakisubiri kutoa kopi za vyeti wakapiga makofi. Mama mmoja akatoa simu akarekodi. Makofi yale ndiyo yaliyonikera kuliko yote yaliyofuata. Kompyuta haijafanya kazi yoyote, haijafungua hata faili moja, watu wanaishangilia kana kwamba imefunga goli la dakika ya tisini.

Na kwa kuwa nimeshakereka, nizungumzie hilo kasha. Wana Nsemulwa mnalijua vumbi letu la Septemba, lile linaloingia hata kwenye sukari iliyofunikwa. Feni tatu za mbele zinavuta hewa ndani na hazina hata kipande cha chujio. Kufikia Desemba ndani ya kioo kile pangeoteshwa mihogo. Haya, tuendelee.

Fundi ana diski ya nje yenye GTA V, gemu iliyoingia kwenye kompyuta mwaka 2015 na isiyodai makubwa. Akaiweka. Ikaanza kupakia, tukasubiri. Mji wa Los Santos ukatokea, feni ya kadi ikapandisha sauti, kisha ukasikika mlio mmoja, pa! Ikafuata ile harufu ambayo kila aliyewahi kuunguza redio anaijua. Kioo cheusi. Kimya. Hata yule mama akashusha simu.

Kijana akampigia muuzaji, akaweka spika. Muuzaji hakuuliza kilichotokea. Alisema, nami nanukuu kwa sababu nilikuwa hatua mbili tu kutoka kwenye simu: "Bosi, mzigo wangu ulitoka mzima. Huko kwenu umeme wa porini. Ungefunga stabilaiza."

Wa porini!

Sasa nisikilizeni. Mkoa huu una viboko, sikatai. Nendeni Ikuu wakati wa kiangazi mkawaone walivyobanana kwenye tope. Lakini hakuna kiboko aliyeingia ndani ya pawasaplai ile. Na kuhusu umeme, mimi ndiye mwenye haki ya kuusema vibaya, si mtu aliyekaa Kariakoo. Tumeishi miaka na majenereta ya dizeli, tumejua maana ya kulala saa mbili kwa kukosa la kufanya, mpaka laini ya kilovolti 132 kutoka Tabora ilipotufikia. Bado unakatika, na ukirudi unarudi kwa kishindo. Nimelalamika katika safu hii hadi mhariri akaanza kukata aya zangu. Mwenye kompyuta asiyefunga UPS hapa Mpanda anacheza kamari. Lakini Jumanne saa ile balbu ya fundi ilikuwa inawaka, feni ya dari inazunguka, mashine ya kopi inatema kopi. Umeme wa porini uliunguza kitu kimoja tu, na ni kile alichokiuza yeye.

"Mzee Zogo, njoo usome hapa," fundi akaniita.

Akaigeuza pawasaplai upande wa stika. Juu, kwa herufi za bango la kampeni: 750W. Chini, kwa herufi za sisimizi, kuna jedwali ambalo hakuna mnunuzi analolisoma: laini ya volti 12, ampea 15. Prosesa na kadi ya picha vinakula kwenye laini hiyo hiyo ya volti 12. Zidisheni wenyewe: 12 mara 15 ni wati 180. Stika yenyewe imekiri! Muuzaji hakuhitaji kuchunguzwa, bidhaa yake imeandika kosa lake kwa maandishi na kulibandika ubavuni.

Tukaifungua. Kwenye ubao wake kuna nafasi zimechorwa kwa ajili ya vipuri, na vipuri havipo. Panapotakiwa koili za kuchuja umeme wameunga vipande vya waya. Pawasaplai ya maana ikizidiwa hujizima ikalinda wengine. Hii ilijichoma, na haikutaka kwenda peke yake: fundi aliposhika kipimo chake, madhabodi nayo haikujibu.

Kadi ilipona. Fundi akaihamishia kwenye kompyuta yake ya kazi, akafungua GPU-Z, programu ndogo ya bure ambayo tangu 2018 inazitambua kadi za Nvidia zilizobadilishwa majina. Mbele ya jina la kadi likaandikwa neno FAKE. Hakuna aliyehitaji kamusi. Ndani yake ilikuwa chipu ya GTX 550 Ti, kadi ya mwaka 2011, imeandikiwa jina jipya ili idanganye hata Windows, na hizo GB 4 ukizitafuta kwa kweli unakuta moja. Dalili ilikuwa usoni muda wote: kadi ile ina tundu la bluu la VGA, wakati chipu ya 1050 Ti iliyotoka Oktoba 2016 haitoi kabisa picha ya VGA. Pia iliomba waya wa ziada wa umeme, na 1050 Ti nyingi haziombi.

Basi hesabu ya mlio ikakamilika mezani. Prosesa ile, i7-4790, imepangiwa wati 84. GTX 550 Ti, wati 116. Jumla wati 200, kabla hujahesabu diski na hizo feni za sikukuu, juu ya laini iliyokiri wati 180. Kijana akanyamaza. Mimi sikunyamaza, mnanijua.

Hebu tuongee kuhusu i7, kwa sababu mji mzima umelewa neno hili. Ukisema una i7 unapewa kiti. Core i7 ya kwanza ilitoka 2008! Kinachosema ukweli ni tarakimu zinazofuata. Hiyo 4790 ni ya 2014. Core i3-12100 ya mwaka 2022 ina kore nne na nyuzi nane, sawasawa na babu yake huyo, na inamwacha mbali, lakini mpelekee kijana wa Nsemulwa i3 uone atakavyokutazama. (Ikiwa na herufi F mwishoni, haitoi picha bila kadi. Fundi kaniomba niliseme hilo, amechoka kuletewa.) Zaidi ya hapo, i7 ya kizazi cha nne haimo kwenye orodha ya prosesa zinazokubaliwa na Windows 11, na Windows 10 iliachwa rasmi na Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025. Memori yake ni DDR3, haiingii kwenye madhabodi mpya, kwa hiyo siku akitaka kupanda ngazi anaanza upya. Na ataanza upya wakati mbaya: tangu mwishoni mwa 2025 bei ya memori imepaa dunia nzima kwa sababu viwanda vinazipeleka kwenye mitambo ya akili mnemba, hadi Micron ikatangaza Desemba ile kwamba inaachana na Crucial, chapa yake ya wanunuzi wa kawaida kama sisi.

Na mpira wenyewe, EA Sports FC 25, uliokuwa sababu ya mahindi kuuzwa? Unadai angalau Core i5-6600K, memori GB 8, 1050 Ti ya kweli na nafasi ya GB 100. Kwenye SSD ya GB 120 ambamo Windows imeshajilaza. Yaani hata kama pawasaplai isingelipuka, kibanda kingefunguliwa bila mpira. Lakini taa zipo.

Nikamuuliza fundi angenunua nini kwa pesa ileile. Hakufikiri. Dell OptiPlex 9020 ya mnara, iliyostaafu ofisini huko Ulaya. Pawasaplai yake imeandikwa wati 290 na ni 290 kweli. Ongeza 1050 Ti halali isiyo na waya, ambayo inatosheka na wati 75 za kwenye mlango wake wa madhabodi, na diski ya nusu terabaiti. Anayetaka kadi kubwa zaidi aiache Dell hiyo, maana plagi zake za umeme ni za Dell peke yake na pawasaplai ya dukani haichomeki. Mashine yenyewe ni nyeusi, ina sura ya karani wa mahakama, taa yake ni ya kitufe basi. Isingepigiwa makofi na mtu yeyote Nsemulwa, na ingekuwa inachezesha watu mpaka leo jioni.

Jioni baba yake kijana akapita kwangu. Nilidhani kaja kuomba namba ya mwanasheria. Akaketi, akasema, "Si unaona Mzee Zogo? Gemu ni uhuni. Mungu kamwonyesha." Nilimjibu nitakavyowajibu nyote mnaojiandaa kuniandikia hivyo. Mtoto kalima, kauza, kataka kufungua biashara, kaibiwa. Mhuni yuko Kariakoo, anajibu simu kwa kujiamini. Na wewe baba mwenye nyumba, ambaye kila Jumamosi uko kibanda umiza na mkeka mfukoni ukiomba Arsenal wasikuchanie, huna mdomo wa kumwita mtu mhuni kwa sababu ya mpira wa kwenye skrini. Hakuaga vizuri. Najua anasoma safu hii, anaiazima kwa shemeji yangu.

Orodha ya walionusurika, kama fundi alivyoniandikia: kadi bandia, kasha, feni zote nne. Taa zimepona, zinabadilika rangi bila wasiwasi. Muuzaji ameacha kupokea simu.

Tume ya Ushindani, FCC, ina kazi ya kisheria ya kupambana na bidhaa bandia, na nimemwambia kijana apeleke malalamiko pamoja na kadi yenyewe. Akaniambia hana risiti, alitumiwa picha ya muamala tu. Kwa hiyo wewe unayejiandaa kutuma pesa za mahindi wiki ijayo: kabla hujatuma, dai picha ya stika ya pawasaplai upande wa jedwali, dai picha ya GPU-Z kadi ikiwa inafanya kazi, na dai risiti ya EFD yenye jina la duka. Akikuambia unamsumbua, usitume.