Samaki Si Bubu

Wengi wetu hudhani kuwa ndani ya mto kumetulia tuli kama maji mtungini, na kwamba samaki ni kiumbe bubu, asiyesikia wala kusema. Wavuvi wa Mto Mara, upitao baina ya wilaya za Tarime na Serengeti kuelekea Ziwa Viktoria, wanajua vinginevyo. Wamtoapo gogogo majini, humsikia akikwaruza.

Sauti hiyo haitoki kooni. Gogogo husugua shina la mwiba wa pezi lake la kifuani katika kiungo cha bega, mithili ya mtu apitishaye ukucha juu ya meno ya kitana.

Je, samaki husikiaje ilhali hana masikio ya nje? Mwenyezi Mungu amemjaalia masikio ndani ya kichwa, yenye vijiwe vyeupe. Tunapopika kichwa cha sangara tunaweza kuvitafuta na kuwaonesha watoto. Sauti ipitapo majini, huutikisa mwili wa samaki pamoja na maji. Vijiwe, kwa kuwa ni vizito zaidi, huchelewa kufuata, na kuchelewa huko ndiko kunakompa habari. Kambale, ningu na gogogo wamezidishiwa neema: vifupa vidogo huunganisha mfuko wao wa hewa na sikio, wakasikia hata sauti hafifu.

Watafiti wamerekodi pia sauti ambazo madume ya furu wa Ziwa Viktoria huwatolea majike wakati wa kuchumbiana. Katika jamii hiyo ya furu yumo aliyepewa jina la kisayansi la kumuenzi Mwalimu Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama, mkoani Mara. Furu huchaguana kwa rangi vilevile. Maji yakichafuka kwa tope, rangi hazionekani sawasawa, na aina zilizokuwa mbalimbali huanza kuchanganyika na kupotea.

Hapo ndipo jambo hili linapotuhusu. Samaki wana sauti, lakini hawana ya kutufikia sisi tulio nchi kavu. Mwezi Machi 2022, samaki wengi walipokufa katika Mto Mara, wengi wetu tulipata habari mizoga ilipokwisha kuelea.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Tuliokabidhiwa mashamba na mifugo kandokando ya Mara tuipime mipaka yetu msimu huu kabla jembe halijaingia, tuache majani na miti izuie udongo. Na watoto wetu waende nasi kupima, kwani mto huo ni amana tutakayowaachia.